Mvuvi aulizwe kabla, asiitwe baada

(Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha Wazanzibari na ndugu zetu wa pwani tunaoishi Northampton, Uingereza. Baadhi ya wazee waliniomba maandishi yake. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, isipokuwa pale nilipojikwaa ulimi.)

   

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze, nadhani alitaraji nitakuja na sukari na presha, kwani ndiyo desturi: nesi akipewa kipaza sauti lazima awatishe watu na chumvi. Leo mmesalimika. Leo nataka kuzungumzia bahari, wavuvi wadogo wadogo wanaoishi kwayo, na namna sera za uvuvi zinavyotungwa kwetu na wao wakiwa hawamo chumbani.

Mtaniuliza, nesi na uvuvi wapi na wapi? Jawabu ni nyepesi. Mimi ni mtoto wa mchokoa pweza. Mamaangu hakuwahi kumiliki ngalawa wala mashua. Alikuwa na mchokoo wake, ndoo, na viatu vya plastiki vilivyochoka. Ada na daftari zangu za skuli zilitoka kwenye mwamba, na hata nauli ya boti nilipokwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uuguzi ilitokana na pweza. Kwa hivyo nikizungumzia uvuvi sizungumzii kitu nilichokisoma kwenye kitabu tu.

Naanza na kisa kimoja.

Mwaka 2017 nilikwenda nyumbani likizo, kijijini kwetu kusini Unguja. Jina la kijiji naomba nilihifadhi, kwani sikusudii kumuaibisha mtu. Siku ya tatu tukasikia kuna mkutano wa uvuvi. Wakubwa wanakuja kutoka mjini, wananchi wote waalikwa, saa nne asubuhi. Ajenda ni kufunga fungu la pweza kwa miezi mitatu ili wakue.

Ndugu zangu, wenye asili ya pwani mtanielewa mara moja. Siku ile ilikuwa bamvua. Kwetu, maji ya bamvua hukauka sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku chache za mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, ambazo mwanamke anaweza kutembea kwa miguu yake hadi kwenye mwamba akapata riziki. Kumwita mchokoa pweza mkutanoni saa nne ya siku ya bamvua ni sawa na kumwita mkulima mkutanoni siku ya kuvuna mpunga, halafu ukaandika kwenye ripoti kwamba alialikwa lakini hakutokea.

Mimi nilikwenda. Wanaume walikuwepo: wenye vyombo, manahodha, wachuuzi wakubwa, sheha, na maofisa. Wanawake tulikuwa sita, na katika sita hao hakuna hata mmoja aliyekuwa akichokoa pweza. Mkutano ulikwenda vizuri, kwa adabu na kwa dua. Ikakubaliwa kwamba lifungwe fungu la karibu, lile linalofikiwa kwa miguu. Mafungu ya mbali yanayofikiwa kwa chombo yakaachwa wazi. Hakuna aliyekula njama. Kila mmoja aliona ni busara kufunga lile lisilo lake.

Mamaangu alirudi saa nane, kalowa mpaka kiunoni, akakuta mambo yameshapita. Nikamweleza faida zake, kwa ujuaji wa msomi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Mwanangu, mimi sikatai kufunga. Nakataa kufungiwa."

Maneno yale nimerudi nayo huku. Na kila nikivaa sare yangu kwenda kazini huwa nayafikiria, kwa sababu nitakayokuelezeni sasa hivi.

Katika kazi yetu kuna kitu kinaitwa ridhaa. Mgonjwa hafanyiwi operesheni mpaka aelezwe kwa lugha anayoifahamu: ugonjwa wako ni huu, dawa ni hii, madhara yake ni haya, njia nyengine ni hizi, na unaweza kukataa. Akiwa hajui Kiingereza anatafutiwa mkalimani. Baada ya hapo ndipo anatia sahihi. Karatasi unayoipeleka kwa mgonjwa aliyekwishalazwa mezani, dawa ya usingizi imeshaanza kumwingia, haiwi ridhaa hata kama sahihi ipo. Muuguzi anayefanya hivyo anaweza kupoteza leseni yake, na anastahiki.

Sasa niambieni, ni sera ngapi za uvuvi kwetu zilizotungwa kwa ridhaa ya aina ile ya kwanza, na ngapi kwa ile ya pili? Rasimu imekwishaandikwa mjini, tena kwa Kiingereza. Mfadhili amekwishaikubali. Bajeti imepangwa. Halafu ndipo wanaitwa wavuvi "kushirikishwa". Wanapewa maji ya chupa na posho, wanatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na ile karatasi ya mahudhurio inageuzwa kuwa ushahidi wa makubaliano. La msingi ninalotaka kulisema leo ni hili tu: mvuvi aulizwe kabla ya uamuzi, tena arudishiwe jawabu. Mengine yote nitakayosema ni matawi ya mti huo.

Kuna watakaosema hili ni suala dogo, tuna matatizo makubwa zaidi ya kisiasa. Nathubutu kusema si dogo. Mtu wa kwetu asiye na uwezo hali nyama ya ng'ombe kila siku. Kitoweo chake ni dagaa, vibua, changu, na pweza akibahatika. Nimefanya kazi wodi ya wazazi kabla ya kuja huku, na wajawazito wenye upungufu wa damu nimewaona kwa macho yangu. Samaki akipanda bei pale dikoni, sisi wauguzi tunamwona baadaye wodini. Na si kwetu peke yetu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa utafiti mkubwa mwaka 2023 unaoonyesha kwamba uvuvi mdogo unatoa angalau asilimia 40 ya samaki wote wanaovuliwa duniani, na kwamba katika kila watu kumi wanaoshughulika nao, wanne ni wanawake.

Wanne katika kumi! Lakini tukisema "mvuvi" kwa Kiswahili, kila mmoja wetu hapa anamwona mwanamme, kavaa msuli, kashika kasia. Mchokoa pweza hatumwiti mvuvi, tunasema "kaenda pwani". Mwanamke anayeanika dagaa hatumwiti mtu wa uvuvi. Mkulima wa mwani tunamwita mkulima. Mwani ulianza kulimwa kibiashara kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani, na mpaka leo takriban wanane kati ya kila wakulima kumi wa mwani ni wanawake. Wote hao maisha yao yamo baharini, na uamuzi wowote wa bahari unawagusa. Sera inayoanza kwa kuhesabu vyombo itawapata wenye vyombo. Asiye na chombo haonekani, na asiyeonekana haulizwi.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kwetu hakuna lililofanywa. Limefanywa, na mengine ya kujivunia.

Chukueni kisiwa cha Misali, kule Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kumpa mwekezaji kisiwa kile ajenge hoteli. Wavuvi wakapinga. Misali ni dago lao. Huko wanalala, wanakausha samaki, wanasubiri upepo. Tena ni kisiwa chenye heshima yake ya dini, kwani wazee wanasimulia kuwa Nabii Khidhri alisali pale na kisiwa ndicho kikawa mswala wake. Mpango ule haukuendelea. Mwaka 1998 kisiwa kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, sehemu ndogo ikafungwa kabisa na sehemu kubwa ikabaki kwa wavuvi kuvua kwa masharti, na jumuiya yao ikawa na sauti katika uendeshaji. Pia yakafanywa mafunzo kwa njia ya misikiti na madrasa, watu wakaelezwa kwa Qur'ani kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi, ni mchungaji na hakupewa ruhusa ya kufisidi. Mvuvi ambaye hakuwa akimsikiliza ofisa alimsikiliza imamu wake.

Chukueni Ghuba ya Menai, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1997, kilomita za mraba 470, ambako kamati za vijiji zilishiriki katika doria. Na huku kwetu visiwani sheria inazitambua kamati za uvuvi za shehia, kama Bara wanavyovitambua vikundi vyao vya BMU tangu sheria yao ya mwaka 2003. Kwa hivyo vyombo vya kuwashirikisha watu vipo. Swali ni je, kamati inashiriki kutunga, au inangojea kutungiwa na kisha kutumwa kukamata watu? Kwani wengi wa wajumbe wa kamati watakwambieni kwamba kazi wanayokumbukwa kwayo ni doria tu. Mafuta ya boti wachange wao, lawama za jirani wabebe wao, na sera iandikwe na wengine.

Sasa naingia kwenye upande mchungu. Kuna hoja inayotolewa na maofisa, na si hoja ya kupuuzwa. Wanasema: "Hawa wavuvi wenyewe ndio waharibifu. Wanatumia nyavu za kuburura, wanavunja matumbawe, wanavua watoto wa samaki. Ukiwauliza, watakwambia usifunge kitu." Ni kweli wapo waharibifu, na ni watoto wetu. Lakini angalieni nani anaumia mwanzo. Mnaujua mgogoro wa muda mrefu wa Chwaka na Marumbi. Watu wa Marumbi wengi ni watega madema. Nyavu za kuburura kutoka upande wa pili zikija zinazoa madema na majani ya bahari kwa pamoja. Ugomvi ule ulifika watu kupigana baharini. Waliokuwa wakilia nyavu zile zizuiwe ni wavuvi, kabla mtaalamu hajafika na kompyuta yake. Nyavu za kuburura zimepigwa marufuku kisheria, lakini marufuku peke yake haikuumaliza ugomvi, kwani kijana mwenye wavu ule hakuulizwa atakula nini kesho, na mwenye dema hakuhakikishiwa kwamba analolipoti litafanyiwa kazi.

Kwa hivyo jawabu langu kwa maofisa ni hili: msiwaulize wavuvi kama kwamba ni mtu mmoja. Mwenye dema ana lake, mwenye mshipi ana lake, mwenye jarife ana lake, wa mtando wa dagaa ana lake, na mchokoa pweza ana lake. Waulizeni kila kundi peke yake, halafu muwakutanishe. Mtaona kwamba kila kundi linajua madhara ya jengine kwa undani ambao ofisi haina.

Na tusiwasahau wageni wa dago. Watu wa Kojani na kwengineko wanafuata samaki kwa misimu, kusi wako huku, kaskazi wako kule. Mara nyingi kijiji kikipanga sheria zake, mgeni wa dago hayumo, kisha akija anaitwa mwizi. Naye kwao anajua sheria, lakini hakuna aliyemwambia za hapa.

Nirudi kwa pweza, kwani huko ndiko kuna somo. Pweza ana maisha mafupi, mwaka au mwaka na nusu hivi. Anakua kwa kasi ya ajabu, na jike huzaa mara moja tu, akilinda mayai yake mpaka anakufa. Kwa hivyo ukimwacha miezi miwili mitatu, tofauti unaiona kwa macho. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagascar, walijaribu kufunga kipande cha mwamba, na vijiji jirani vilipoona matokeo vikafuata. Kwetu nako, Pemba na Unguja, vijiji vimefanya hivyo. Elimu hii ni ya kweli na ina faida. Mamaangu hakuikataa.

Lakini sikilizeni yaliyotokea kijijini kwetu siku fungu lilipofunguliwa. Vijana wenye miwani ya kupigia mbizi na mapezi ya miguuni walikuja kwa vyombo tangu alfajiri, maji bado hayajapwa. Maji yalipokauka na wanawake wakaweza kutembea, pweza wakubwa walikuwa wameshapimwa kwenye mizani ya tajiri. Waliovumilia miezi mitatu bila ya kitoweo wakaambulia mabaki. Kwenye ripoti ikaandikwa kuwa mavuno yameongezeka, na mavuno yaliongezeka kweli. Swali la haki ni: yaliongezeka kwa nani?

Mwaka uliofuata wanawake hawakununa tu. Waliomba mkutano wao, tena wakachagua siku: maji mafu, baada ya sala ya alasiri. Walipeleka maombi matatu. La kwanza, siku ya ufunguzi wenye miguu watangulie, wapiga mbizi wasubiri. La pili, fungu moja la mbali nalo lifungwe, ili subira iwe ya wote. La tatu, wanawake wawe nusu ya kamati. Walipata la kwanza, na katika la tatu wakapewa viti viwili. La pili walikataliwa. Sikusimulieni kwamba walishinda, lakini kwa mara ya mwanzo walijua kwa nini walikataliwa na nani aliyewakataa, na mamaangu anasema mwaka ule hakuna mwanamke hata mmoja aliyeingia fungu usiku kwa siri. Mtu huilinda sheria ambayo sauti yake imo ndani, hata kama hakupata yote.

Ukitaka mfano wa mbali, tazameni Afrika Kusini. Sheria yao ya bahari ya mwaka 1998 iligawa haki za kuvua, na wavuvi wa asili wa Western Cape wakajikuta hawamo. Kampuni walikuwemo, wavuaji wa burudani walikuwemo, wao hawamo. Hawakuchoma kitu. Walikwenda mahakama ya usawa, na mwaka 2007 ikatoka amri kwamba wapatiwe nafuu na itungwe sera inayowatambua. Sera ikatoka mwaka 2012, na wavuvi wenyewe walishiriki kuitunga. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, siwadanganyi, lakini leo anayewadhulumu anajua kuna karatasi ya kumhukumu.

Na karatasi ya dunia nzima ipo. Mwezi wa Juni 2014, kule Roma, nchi wanachama wa FAO zilipitisha miongozo ya hiari ya kulinda uvuvi mdogo, baada ya mashauriano na watu zaidi ya 4,000 kutoka nchi zaidi ya 120. Inasema wazi kwamba wavuvi wadogo, wanawake wakiwemo, washirikishwe katika maamuzi yanayohusu maji na ardhi wanayoitegemea. Tanzania Bara imekuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuandaa mpango wa kitaifa wa kuitekeleza, na mwaka 2019 wanawake wa sekta hii wakaanzisha chama chao, TAWFA. Kwa hivyo tukidai haya hatuombi hisani. Tunakumbusha ahadi.

Sasa naomba mnistahamilie, kwani nataka kuja kwetu sisi tuliokaa humu. Ni rahisi kuilaumu serikali ukiwa Northampton na chai mkononi.

Tangu mwaka 2020 kwetu neno kubwa ni Uchumi wa Buluu, na wizara yake ikaundwa. Sipingi. Visiwa visipoitumia bahari vitatumia nini? Lakini buluu hiyo ina ufukwe, na ufukwe una wanunuzi, na wanunuzi wengine ni sisi. Mwaka 2019, kaka yangu aliyeko Muscat aliniletea picha kwenye simu: kiwanja cha ufukweni, kijiji jirani na kwetu, mchanga mweupe, mnazi umeinama kama wa kwenye kadi ya posta. Bei nzuri. Tukachanga, tukatoa kishanzu. Nilifanya zamu za usiku za ziada mwezi mzima kwa ajili ya kiwanja kile. Baada ya kulipa ndipo nikampigia mama kumpa bishara. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hapo ndipo ngalawa zinapopandishwa kusi likivuma. Mumemuuliza nani?"

Hatukumuuliza mtu. Tulimuuliza dalali. Mimi, binti wa mchokoa pweza, niliyekasirika kwa kuwa mamaangu hakuulizwa, nilikuwa nimefanya jambo lile lile, tofauti ni kwamba sikuwa na gari la serikali.

Tukajitoa. Kishanzu hakikurudi. Kaka yangu hakuzungumza na mimi karibu nusu mwaka, na mpaka leo akitaja fedha zile sauti inabadilika. Na msidhani nilikiokoa kiwanja. Alikuja mwengine akanunua, na leo pana ukuta. Wavuvi wanazunguka mbali kupandisha vyombo vyao. Nakusimulieni ili mjue kwamba kutaka haki kuna gharama, tena pengine hulipwi. Lakini najua kwamba ukuta ule hauna jina la mamaangu.

Na tunapotuma pesa za nyavu na mashine za boti, nani kati yetu amewahi kuuliza jicho la wavu lina ukubwa gani, au unaburuzwa wapi? Msaada wetu nao ni sera. Hauna gazeti rasmi, lakini unaamua nani atavua na kwa chombo gani.

Hivyo basi, naomba niweke mezani mambo machache ambayo tunaweza kuyadai, na mengine kuyatenda wenyewe.

Kwanza, mikutano ya uvuvi ipangwe kwa kalenda ya maji, si kwa kalenda ya ofisi. Hili halina gharama hata senti. Kila mzee kijijini anajua lini ni bamvua na lini ni maji mafu.

Pili, rasimu ya sera au kanuni isomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, dikoni, kabla haijaitwa rasimu ya mwisho. Wapo wasiosoma, lakini hakuna asiyesikia. Bwana diko, ambaye kila siku anaandika samaki walioteremshwa, angeweza pia kuandika wanayosema waliowateremsha.

Tatu, kamati ziwe na viti kwa aina ya uvuvi, na mchokoa pweza, mkulima wa mwani na muanika dagaa wahesabiwe. Wageni wa dago wapewe nafasi ya kusema na wajulishwe masharti wanapowasili.

Nne, na hili kwangu ndilo kubwa, lirudi jawabu. Mlisema mambo kumi, tumekubali manne, sita tumeyakataa kwa sababu hizi. Libandikwe dikoni na lisomwe. Mgonjwa akipimwa damu anarudishiwa majibu. Mvuvi amepimwa damu miaka thelathini, majibu yake yanabaki mjini.

Tano, madiko, njia za kwendea pwani, na sehemu za kupandishia vyombo ziorodheshwe na zitambuliwe kisheria kabla mtu hajapewa kipande cha ufukwe. Kilichokwisha kujengewa ukuta ni taabu kukidai.

Sita, sisi wa nje tujiwekee sharti: hakuna anayenunua ufukwe mpaka azungumze na wavuvi wa pale, wala hatumi pesa za chombo mpaka aulize utavuliwa nini. Wenye taaluma ya sheria humu ndani, na mpo, jitoleeni kuzitafsiri kanuni kwa Kiswahili cha watu. Mimi nitasaidia upande wa lishe.

Na jambo la mwisho. Najua tumo humu wa CCM, wa CUF ya zamani, wa ACT, na tusio na chama tuliochoka nyote. Tukianza kuuliza "nani kalileta hili", litakufa hapa hapa. Pweza hana kadi ya chama. Maji yakipwa yanapwa kwa wote. Tukubaliane kwamba yeyote atakayekuja kututembelea huku kuomba kura au michango, wa chama chochote, tumuulize suala moja tu: mara ya mwisho ulipokutana na wavuvi, maji yalikuwaje, bamvua au mafu? Akishindwa kujibu, tutajua kama alikwenda kuwasikiliza au kupiga picha.

Mamaangu sasa magoti hayamruhusu tena kufika mwambani. Lakini bado kila bamvua huamka mapema, anakaa barazani, anaangalia wenzake wakipita na ndoo, na wakirudi anawauliza wamepata nini. Anauliza kila mmoja, kwa jina lake, na anangoja ajibiwe. Sioni kwa nini wizara ishindwe na jambo analoliweza bibi mmoja barazani kwake.

Nimekosea, mnisahihishe; nimemkwaza mtu, anisamehe. Naomba kuwasilisha.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum.